Jahazi Likitobolewa, Nani Atasalimika?

 

Ndugu wazazi na wanafunzi wapenzi, kila tunapozungumzia mabadiliko ya tabianchi katika darsa zetu, hatokosekani wa kuuliza: "Sisi tumefanya nini? Viwanda si vyetu, ndege si zetu." Swali hili lina haki ndani yake. Bara zima la Afrika hutoa takriban asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa duniani, ilhali watu wake wanakaribia mmoja katika kila watano. Lakini chumvi haiulizi mwenye kosa. Kule Kisiwa Panza, hapa hapa kwetu Pemba, bahari imeingia mashambani na minazi imekauka ikiwa imesimama.

Mtume (S.A.W.) ametupigia mfano wa watu waliogawana chombo kwa kura, wengine wakapata juu na wengine chini. Wa chini wakitaka maji hulazimika kupita kwa wa juu, basi wakaona bora watoboe tundu katika sehemu yao wasimuudhi mtu. Wakiachwa watazama wote, wakizuiwa watasalimika wote. Sisi watu wa visiwani hatuhitaji sherehe ndefu ya hadithi hii. Tatizo ni kwamba wengi wetu tunapoisoma hujiweka daima upande wa wanaozuia.

Ni kweli kuwa mashimo makubwa yanatobolewa na matajiri, na ni wajibu wazuiwe. Wanazuoni waliokutana Istanbul Agosti 2015 waliziambia wazi nchi tajiri na nchi zenye mafuta kuwa zitangulie kuacha kuchafua hewa. Na nchi zenye mafuta, tusisahau, nyingi ni za ndugu zetu Waislamu.

Hata hivyo, shoka lililokata mikoko ya pwani yetu halikutoka Ulaya. Tumekata wenyewe boriti, kuni, makaa na kuni za kuchomea chokaa. Mkoko hufyonza hewa ya ukaa na kuihifadhi topeni, na mizizi yake huvunja nguvu ya mawimbi. Tumeubomoa ukuta wetu, kisha tunastaajabu maji kuingia. Hata chuo chetu hakikusalimika. Boriti za banda la nyuma ni za mikoko, na siku tulipozinunua hatukuuliza zimekatwa wapi. Tuliuliza bei tu.

Kuna wanaodhani fardhi kifaya maana yake ni fardhi ya watu wengine. Maiti akikosa wa kumzika, mji mzima umepata dhambi, hata aliyekuwa amelala. Sisi tunaona kuilinda pwani hii kumo katika mlango huo huo. Si lazima kila mmoja apande, lakini asipopatikana wa kupanda hatuoni nani atajitoa lawamani.

Ama israfu, hiyo kila mtu ataulizwa yake. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja ya maji, nayo haifiki lita. Mwezi uliopita tulikinga ndoo ya lita 10 chini ya mfereji wetu wa udhu. Mwanafunzi wa kwanza aliifikisha nusu. Mwalimu mmoja, hatumtaji, aliijaza. Maji hayo hupandishwa kwa pampu ya umeme unaotoka Tanga kwa waya uliopita chini ya bahari, na sehemu ya umeme huo huzalishwa kwa gesi.

Tumeshazungumza na sheha. Alkhamisi ya mwanzo baada ya jarida hili kutoka, maji yakishakupwa, walimu na wanafunzi wakubwa tutashuka pwani kupanda mikoko, na tunawaomba wazazi waungane nasi. Majembe yabaki nyumbani, kwani mbegu ya mkoko hudidimizwa topeni kwa mkono.