Baraza la Karani: Mbwa Amekufa, Je, Tumwombee Misa?



Katika ofisi ya parokia hapa Kipawa, karibu na kiwanja cha ndege cha Dar es Salaam, kazi yangu mojawapo ni kuandika nia za Misa daftarini. Huyu anamwombea marehemu baba yake, yule anashukuru kwa kupona, mwingine anaombea mtihani wa mwanawe. Juzi alikuja mtoto wa darasa la tatu, akaniamkia, akaweka mezani shilingi 500, akasema, "Naomba Misa ya Simba." Nikamwuliza Simba ni nani katika ukoo wao. Akajibu, "Ni mbwa wetu. Amekufa, na baba amemtupa jalalani. Mjomba anasema mbwa hana roho, akifa amekwisha kama njiti ya kibiriti." Kisha akalia.

Mzee mmoja aliyekuwa akingoja cheti cha ubatizo alicheka sana. Mimi sikucheka, kwa maana swali lile si la kitoto. Huko vijijini mtoto hulala karibu na mbuzi anaowachunga, huwajua kwa majina na kwa sauti, na siku mmoja anapokufa huuliza hivyo hivyo. Jibu la mjomba lina ukweli ndani yake, lakini si ukweli wote.

Tuangalie kwanza lugha yetu. Mtu twasema amefariki, na mwili wake ni maiti. Mnyama twasema amekufa, na mwili wake ni mzoga. Wazee walioyatenga maneno hayo walijua walitendalo. Lakini ukichinja mbuzi, ukangoja atulie ndipo umchune, wasemaje? Wasema, "Amekata roho." Basi roho tumekwisha kumpa kwa kinywa chetu wenyewe! Mt. Tomaso wa Akwino, mwalimu mkuu wa Kanisa aliyefariki mwaka 1274, asingeshangaa. Alifundisha ya kuwa kila chenye uhai kina roho ya namna yake: mmea una roho ya kukua, mnyama ana roho ya kuona, kusikia na kutamani, na mtu ana roho yenye akili na hiari. Roho ya mnyama kazi zake zote hutegemea mwili, na mwili ukifa nayo hukoma. Roho ya mtu haifi.

Kwa hiyo Misa ya marehemu haiwezi kuandikwa kwa ajili ya mbwa. Twawaombea marehemu kwa sababu walikuwa na hiari, wakaitumia vema au vibaya, na huenda wangali wanatakaswa toharani. Simba hakutenda dhambi hata siku moja, hata ile siku alipoiba nyama ya Pasaka (mtoto mwenyewe alinisimulia). Hana deni. Nilimrudishia fedha yake na kumweleza hivyo, naye alifuta machozi kidogo aliposikia kuwa Simba hana dhambi.

Lakini kusema mnyama hana deni si kusema mnyama si kitu. Someni Mwanzo sura ya 9. Baada ya gharika Mungu anaweka agano na Nuhu, tena si na Nuhu peke yake, bali na ndege, na mifugo, na kila mnyama aliyetoka safinani. Na wale watakaouliza, "Je, na jogoo tuliyemla Krismasi?" watakuta kwamba ni katika sura ile ile Mungu anamruhusu mtu kula nyama. Mambo hayo mawili yameandikwa pamoja, nasi tuyashike pamoja. Kitabu cha Yona nacho kinamalizika kwa Mungu kuuhurumia mji wa Ninawi wenye watu zaidi ya 120,000, kisha anawataja na wanyama wengi waliomo. Katika Tobiti, kitabu tulicho nacho sisi Wakatoliki, kijana Tobia anasafiri na malaika Rafaeli, na mbwa anawafuata. Mbwa yule hafanyi lolote katika hadithi. Yupo tu, na Maandiko Matakatifu hayakuona vibaya kumtaja.

Mt. Paulo awaandikia Warumi, sura ya 8, kwamba viumbe vyote vinaugua na kungoja ukombozi. Papa Fransisko, aliyefariki mwaka 2025, alisema karibu na mwisho wa waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 kwamba katika uzima wa milele kila kiumbe, kimegeuzwa na kung'arishwa, kitakuwa na mahali pake. Angalieni vizuri: hakusema mbwa huyu au ng'ombe yule atafufuka. Alisema Mungu hakuumba kitu ili akitupe. Jambo hili nalitaja kwa sababu Desemba 2014 magazeti makubwa ya ng'ambo yalitangaza kwamba Papa huyo amemwambia mtoto aliyefiwa na mbwa kuwa mbingu zi wazi kwa wanyama wote. Haikuwa kweli, na yakalazimika kusahihisha. Msimtulize mtoto kwa habari ile.

Labda mtu atasema, je, mnyama aliyetenda mema mengi hana haki ya thawabu? Tunaye mmoja wa kwetu. Panya buku aitwaye Magawa alizaliwa mwaka 2013 Morogoro, katika Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, akafundishwa na shirika la APOPO kunusa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Mwaka 2016 alipelekwa Kambodia. Panya huyo ni mwepesi, akipita juu ya bomu halilipuki, naye aligundua mabomu zaidi ya 100. Mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza lilimpa nishani ya dhahabu. Alikufa Januari 2022, na watu wa nchi nyingi walimsikitikia. Wako watu wanaotembea leo kwa miguu miwili kwa sababu yake. Lakini yeye alifanya kazi apate kipande cha ndizi! Hakujua habari za wema, kwa hiyo hawezi kudai. Ila sisi nasi, uzima wa milele hatupewi kama mshahara. Ni zawadi ya Mungu, na atakachowafanyia viumbe wake wengine ni juu yake. Mtoto akiuliza, mwambie hivyo: hatukuambiwa, tumemwachia Mungu aliyemwumba.

Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha kuwa kumtesa au kumwua mnyama bila sababu ni kinyume cha heshima ya mtu. Tena yakataza kumpa mnyama fedha au mapenzi yanayowapasa watu. Hapa mjini nimeona nyumba ambamo mbwa anapewa nyama, na kijana wa kazi anakula ugali kwa chumvi. Hilo nalo ni chukizo, hata kama mbwa amepewa baraka ya padre.

Sasa juu ya kuzika. Shimo la mbwa halihitaji msalaba wala katekista, lakini jalala si mahali pake, na harufu yake yafika kwa jirani. Jembe la nusu saa latosha. Watoto wakitaka kumshukuru Mungu kwa ajili ya mnyama wao, waacheni washukuru.

Ila kama mbwa alikuwa akitokwa na mate na kuuma ovyo, hicho chaweza kuwa kichaa cha mbwa. Msimshike kwa mikono mitupu. Mwiteni bwana mifugo. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo, maana dalili zikishatokea karibu hakuna anayepona. Na ng'ombe aliyekufa ghafla huku damu ikimtoka puani asipasuliwe wala asiliwe, huenda ni kimeta. Hapo shimo lichimbwe refu na watu wazima kama bwana mifugo atakavyoelekeza, mtoto asimame mbali, na kuaga aage kutoka pale aliposimama.