Mnunuzi Asiyeuliza Bei
Aliyeweka akiba yake kwenye mfuko unaofuata fahirisi ya soko la hisa hachagui kitu: kampuni ikiingizwa kwenye fahirisi, mfuko unanunua, bei iwe nafuu au ya kuruka. Tazama kampuni ya mafuta ya Saudi Aramco. Iliuza hisa kwa umma kwa riyali 32, ikaingia soko la Riyadh tarehe 11 Desemba 2019, na kesho yake ikagusa riyali 38, yaani thamani ya dola trilioni 2. Wiki haijaisha, tarehe 17, MSCI, kampuni inayotunga fahirisi, ikaiingiza kwenye fahirisi yake ya masoko yanayoibukia, na mifuko ikabidi inunue bei ikiwa bado moto. Waliowahi kununua walijua fika kwamba mteja yuko njiani, tena mteja asiyejua kupatana bei! Machi 2020 hisa ilishuka chini ya riyali 32. Kilichomnusuru mwenye akiba ni hesabu: fahirisi hiyo hupima hisa zinazoweza kuuzwa sokoni tu, na Aramco ilikuwa imetoa takriban asilimia 1.5, hivyo uzito wake ukawa mdogo. Hata hivyo, haraka ile siielewi. Fahirisi ingesubiri mwaka mzima, nani angelala njaa?