Barua ya Watoto wa Farmville

Twasimuliwa kwamba ubaguzi katika shule za Marekani uliondolewa na majaji mwaka 1954. Mimi, niliyefunzwa chuoni kuuliza kila habari imepokewa kwa nani, masimulizi hayo hayanitoshi. Isomwe kwanza barua ya tarehe 23 Aprili, 1951. Waliotia sahihi ni wasichana wa shule, Barbara Johns, aliyekuwa na miaka 16, na mwenziwe Carrie Stokes, wakiwaomba mawakili msaada. Siku hiyo wanafunzi weusi wa Farmville, Virginia, waligoma. Baadhi yao wakisomeshwa katika vibanda vya karatasi ya lami! Kesi yao ikawa mojawapo ya zile tano zilizoamuliwa 1954. Basi majaji waliitikia tu. Walioita ni watoto. Wakubwa wa wilaya, kwa kukataa kuwachanganya, walizifunga shule zote za umma toka 1959 hadi 1964.