Kambale wa Colombia: samaki wa bahari asiuzwe kama samaki wa mto

Katika maduka ya samaki wa mapambo huko Ulaya na Marekani, kuna kambale mdogo wa rangi ya fedha anayeuzwa kwa jina la « papa wa Colombia ». Si papa hata kidogo. Ni kambale, na wanasayansi humuita Ariopsis seemanni. Mara nyingi huuzwa akiwa ndani ya maji yasiyo na chumvi, na mnunuzi hurudi nyumbani akifikiri amepata samaki wa mto. Hapo ndipo shida inaanzia.

Mtu wa Uvira au Kisangani anaweza kushangaa. Katika mito na mabwawa ya Congo, kambale huzaliwa, hukua na kufa bila kuonja chumvi. Lakini huyu ni wa ukoo mwingine. Anatoka pwani ya Bahari ya Pasifiki, kule Amerika ya Kati na Colombia. Dume hubeba mayai mdomoni mpaka yaanguliwe. Watoto hukulia kwenye midomo ya mito, ambako maji ya mto na ya bahari huchanganyika. Wakikomaa, wanahitaji bahari. Samaki huyo anaweza kupita sentimita 30.

Kuvumilia si kuishi vizuri

Wauzaji hujitetea kwamba samaki huyo haonyeshi ugonjwa wowote dukani. Ni kweli, akiwa mdogo huvumilia. Lakini duka humhifadhi kwa siku chache tu, na mnunuzi anataka kuishi naye kwa miaka. Akiachwa katika maji yasiyo na chumvi, hudhoofika polepole, na mwenye tangi hujilaumu bila kujua sababu.

Haraka haraka haina baraka

Wengine, wakishajua ukweli, humwaga chumvi yote siku moja. Hilo pia ni kosa. Katika maji ya mto, maji huingia mwilini mwa samaki, naye huyatoa kwa kukojoa sana. Baharini mambo hugeuka: mwili hupoteza maji, kwa hiyo samaki hunywa maji ya bahari na kutoa chumvi kupitia matamvua. Mwili unahitaji muda ili kubadili kazi hiyo.

Hata kama kambale huyu ni mgumu, kuna viumbe vingine ndani ya tangi. Bakteria wanaoishi kwenye chujio ndio wanaosafisha sumu ya amonia inayotoka kwa samaki. Chumvi ikipanda ghafla, bakteria hao hufa au huacha kazi, na samaki hubaki ndani ya uchafu wake mwenyewe.

Njia salama ni ya subira. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita moja. Mfugaji akiongeza gramu 2 au 3 kwa lita kila wiki, atafika huko baada ya miezi mitatu au minne, huku akipima amonia kabla ya kila hatua. Chumvi iwe ile ya bahari inayouzwa kwa ajili ya samaki, si ya jikoni, na iyeyushwe kwenye ndoo kwanza. Maji yakipungua kwa kukauka, yaongezwe maji yasiyo na chumvi, kwa sababu chumvi haikauki pamoja na maji. Pampu ya hewa pia ni lazima, kwani maji ya chumvi hubeba oksijeni kidogo zaidi.

Muuzaji aseme ukweli

Kazi hii yote ina gharama, na mnunuzi ana haki ya kuijua kabla ya kutoa pesa. Maneno machache kwenye kioo cha duka yangetosha: « Samaki huyu atahitaji maji ya bahari. » Pengine duka litapoteza wateja wachache, lakini samaki wengi wataokoka.

Jambo hili linawagusa pia watu wa Maziwa Makuu. Samaki wa rangi wa Ziwa Tanganyika huuzwa nchi za mbali, nao wana maji yao: magumu, yenye madini mengi. Anayetaka samaki wa ziwa lake watunzwe vizuri ugenini ataelewa kwa nini kambale wa Colombia naye anastahili maji ya kwao.