Historia ya Amaan Isipotee

Sisi tuliokulia Ugalla, kule Mpanda, tuliujua Uwanja wa Amaan kwa masikio tu, tukiwa tumeizunguka redio. Ulijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1970. Mwaka 2023 ukafanyiwa ukarabati mkubwa, na Agosti 2025 ukapokea michuano ya CHAN. Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar yastahili pongezi. Hata hivyo, viti vipya havimwelezi kijana ni nani waliocheza hapo kabla yake, na wazee wanaokumbuka wanazidi kupungua. Twawaomba wahusika watenge chumba kimoja chini ya jukwaa, wakusanye picha, jezi na tiketi za zamani (nyingine huenda zimo makabatini mwenu, ndugu wa Unguja na Pemba), na wazirekodi sauti za wazee hao mwaka huu huu.