Kitabu Kimeliwa na Mchwa, Je Penzi?

  Leo nakuletea ya nyumbani kwangu mwenyewe. Kila mwezi nawasema wenzangu kwenye safu hii, nikaona si haki.

Wakazi wenzangu wa Madale mtanielewa haraka. Mnanunua kiwanja, mnajenga chumba kwa chumba, mnahamia madirisha yakiwa bado na maturubai. Asubuhi unaamka saa 10 ili uwahi Posta, jioni foleni inakushikilia, unafika saa 3 usiku hata salamu ni kazi. Mimi na mume wangu tuna mwaka wa nne huku. Mazungumzo yetu yalikuwa simenti, nondo, maji ya boza na ada ya mtoto. "Fundi umemlipa?" "Nimemlipa." Basi, kila mtu anageukia simu yake. Ukituona kwa mbali utasema ndoa ile imetulia. Kumbe imenyamaza.

Jumamosi moja nikaingia kwenye kile chumba ambacho hakijapigwa plasta, natafuta ndoo. Nikainua boksi la vitabu vyangu, kitako kikabaki chini. Mchwa! Kitabu cha kwanza kilichonijia mkononi ni Vuta N'kuvute cha Adam Shafi, nakala niliyosomea kidato cha 6. Sasa hiki si kitabu tu. Tukiwa chuoni, kuna kijana alikuja kukiazima kwangu, akakaa nacho wiki 3, na alipokirudisha ndani mlikuwa na kikaratasi. Kikaratasi kile ndicho kilichonifanya leo niitwe mama fulani. Mchwa walikuwa wamekula kurasa mpaka katikati, na kikaratasi wamekimaliza.

Nikampelekea sebuleni. Akainua macho kutoka kwenye simu, akatazama, akasema: "Aah, mke wangu, vitabu tu hivyo. Tutanunua vingine."

Nilimnunia siku 9. Wanaume, nisikilizeni: mwanamke akikwambia "hakuna kitu", usiende kuangalia mpira.

Siku ya 10 rafiki yangu wa kazini akaniambia kuna wapenda vitabu wameandaa siku yao: mchana warsha ya uandishi, jioni taarabu, usiku sinema iliyotokana na kitabu. Nikauliza, kitabu gani? Vuta N'kuvute. Nikacheka mwenyewe. Nikamwambia mume wangu, "Jumamosi naenda. Ukitaka twende." Akaja, nadhani kwa woga.

Kwa ambao hawajakisoma, ni riwaya iliyotoka mwaka 1999. Tuko Zanzibar ya miaka ya 1950, Mwingereza bado anatawala. Yasmin, binti wa Kihindi, anaozwa kwa mzee Raza, mfanyabiashara anayeweza kumzaa. Anakimbia. Familia yake inamfungia mlango, anapokelewa Ng'ambo na Mwajuma, na huko anakutana na Denge, kijana wa siasa anayewindwa na serikali. Amil Shivji akaitengenezea filamu, na mwaka 2021 ikaonyeshwa kwenye tamasha kubwa la Toronto, Kanada. Sisi tuliiangalia kwenye viti vya plastiki, mbu wakitusalimia, na hakuna aliyeondoka.

Katikati ya sinema mume wangu akaniinamia, akanong'ona: "Hivi wewe ungekuwa Yasmin, ungekimbia?"

Nikamjibu bila kufikiri: "Mwaka huu nimeshafikiria mara 2."

Mpenzi msomaji, sikupanga kusema vile. Ni maneno ambayo kwa miaka 2 nilikuwa nayazungusha mdomoni pale nyumbani na yakashindwa kutoka. Alinyamaza mpaka taa zikawashwa. Lakini kwenye gari, kuanzia Mwenge mpaka kona ya Tegeta, tuliongea. Akaniambia anavyoogopa mkopo wa nyumba. Nikamwambia ninavyojisikia mpangaji ndani ya nyumba niliyoijenga mimi. Tulifika getini tukakaa garini nusu saa nyingine, mtoto amelala siti ya nyuma.

Nimejiuliza kwa nini tuliweza kule tukashindwa nyumbani. Jibu langu ni hili: ukimwambia mwenzio "hunijali", anajitetea. Ukimwuliza "unamwonaje Raza?", anafikiri. Kitabu kinawapa mtu wa tatu wa kumsema ambaye hataumia, na mkimaliza kumsema yeye mnajikuta mmeshajisema nyinyi. Na kikishageuzwa sinema au wimbo, hata yule asiyesoma anapata pa kuingilia.

Wenzetu wamelijua hili siku nyingi. Zanzibar, ZIFF ilianza mwaka 1998, na watu wanakaa Ngome Kongwe usiku kuangalia filamu na kusikiliza muziki. Nairobi, Kwani Trust walioanza mwaka 2003 waliandaa Litfest yenye warsha na usiku wa mashairi, na wakaifikisha hadi Lamu. Storymoja nao wakaungana na Hay, tamasha la vitabu lililoanza mwaka 1988 kwenye mji mdogo huko Wales. Hilo la Nairobi lina kumbukumbu nzito: Septemba 2013 mshairi Kofi Awoonor wa Ghana, mgeni wa tamasha, aliuawa kwenye shambulio la Westgate. Mwaka uliofuata watu wakakusanyika tena, Wole Soyinka akiwemo. Wangeweza kukaa nyumbani, na hakuna ambaye angewalaumu. Walikuja.

Sasa usiniambie Madale hakuna tamasha. Sisi tumefanya letu, na nakupa mchanganuo wake.

Kwanza, chagueni kitabu kimoja tu, kifupi au kirefu, mpeane mwezi mzima. Kiswahili tunacho. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipata Nobel mwaka 2021, na riwaya yake ya Paradise imetafsiriwa na Ida Hadjivayanis ikaitwa Peponi. Anayeshindwa kusoma asomewe, haina aibu. Mume wangu namsomea akiwa anapiga pasi.

Pili, alikeni jirani 3 au 4, wanandoa na wasio na ndoa. Shuka jeupe ukutani, projekta ya kukodi mgawane gharama, na kila nyumba ije na chungu chake. Mama mwenye nyumba asikae jikoni jioni nzima, la sivyo hilo si tamasha, ni shughuli.

Tatu, muziki. Kama mmesoma habari za Siti binti Saad, ambaye Shaaban Robert aliandika wasifu wake, mtafute sauti yake. Alisafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi, na sauti hiyo bado ipo. Hapo hata shemeji mbishi ataacha simu.

Nne, warsha. Neno lisikutishe. Kila mtu anapewa karatasi na dakika 15, aandike barua kwa mhusika mmoja wa kitabu. Kwetu mtoto wangu wa miaka 7 alimwandikia Yasmin aje kukaa Madale, chumba kipo. Jirani mmoja, mwanaume wa miraba minne, aliomba asisome yake kwa sauti. Aliikunja akaiweka mfukoni, na mkewe akawa anauangalia ule mfuko usiku kucha. Kazi yao hiyo, tuliwaachia.

Tahadhari moja. Usitumie kitabu kumpiga mwenzio. Ukisema "umeona, Raza ndiyo wewe", umeharibu sinema na wikiendi. Uliza, halafu funga mdomo usikilize.

Sisi hatujawa malaika. Jumatatu foleni ni ile ile na fundi bado anatuzungusha. Lakini wikiendi iliyofuata mume wangu alitengeneza kabati la vitabu kwa mbao zilizobaki za kenchi, akapaka miguu yake oili chafu ili mchwa wasipande. Linanuka gereji, lakini ni langu.

Juzi akaja na Vuta N'kuvute mpya. Nikaipokea, nikaipekua kurasa zote. Hamna kitu. Nikamwambia, "Mbona kikaratasi hakimo?"

Akakichukua mkononi mwangu. "Nipe wiki 3," akasema. "Kwanza nikimalize."

Nahesabu siku. Na wewe, mara ya mwisho ulimwuliza mwenzio swali ambalo si la bili ilikuwa lini? Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.