AFYA YA JAMAA: Rovu si laana, na si la mama peke yake



Mwezi huu tunajibu swali ambalo tumelisikia mara nyingi kwa mdomo, na safari hii limekuja kwa barua. Mama mmoja ameandika hivi: "Shingo yangu ilivimba tangu tukiwa nyumbani Kivu. Siku hizi nasikia baridi hata jua likiwaka. Nalala usiku mzima, naamka nimechoka. Mama mkwe anasema mimi ni mvivu. Sasa binti yangu wa miaka 13 naye shingo imeanza kujaa. Je, tumerogwa?"

Hapana mama, hamjarogwa. Ugonjwa huu una jina. Wengine wanauita rovu, wengine tezi la shingo, na wengine wanasema goita.

Tezi hili linafanya nini?
Shika mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo, halafu meza mate. Hapo ndipo lilipo, na umbo lake ni kama kipepeo. Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazouambia mwili uende kwa mwendo gani: moyo upige vipi, joto liwe kiasi gani, akili ya mtoto ikue namna gani. Ili lifanye kazi hiyo linahitaji madini joto. Yakikosekana, tezi linajitahidi, linajitahidi, mpaka linavimba.

Sisi tuliotoka milimani tunalijua hilo. Tuko mbali na bahari, na mvua ya miaka mingi imeosha madini hayo kutoka kwenye udongo. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, watafiti walifanya kazi miaka ya 1960 na 1970. Waliona kwamba kaskazini mwa kisiwa watu wengi sana walikuwa na rovu, lakini kusini wachache, ingawa madini joto yalikuwa haba pande zote mbili. Walipochunguza chakula, walikuta muhogo una sehemu yake katika jambo hili. Sumu ya muhogo ambao haukutengenezwa vizuri inalizuia tezi kupokea hata yale madini machache yaliyopo.

Ndiyo maana mama na binti wanaweza kuvimba pamoja. Wanakula chungu kimoja.

Tufanye nini jikoni?
Muhogo hatuuachi, ndio ugali wetu. Ila tuutengeneze kama bibi zetu walivyotufundisha: umenye, uloweke siku tatu au nne mpaka ulainike, halafu uanike jua likaushe kabisa. Usiku mmoja hautoshi, hata kama watoto wana njaa na unga umeisha. Sombe nayo itwangwe sana, ichemshwe muda mrefu, sufuria likiwa wazi.

Chumvi iwe yenye madini joto, na kama ina pakiti, soma maandishi yake. Iweke kwenye chombo chenye kifuniko, mbali na jua, moshi na unyevu, kwa sababu madini hayo hupotea. Usiioshe. Itie chakula kikikaribia kuiva. Wala usizidishe, maana chumvi nyingi inaleta presha. Mtu mzima asipite kijiko kimoja kidogo cha chai kwa siku, ukihesabu chakula chote.

Shingo ya binti inaweza kupungua akipata madini ya kutosha. Rovu la zamani lenye mabonge mara nyingi halipungui kwa chumvi, kwa hiyo likaonwe na daktari. Na tafadhali, msikubali kuchanjwa shingoni kwa wembe. Hapo kuna mishipa mikubwa ya damu.

Tezi likilala, tezi likikimbia
Kuna jamaa ambazo chumvi si tatizo lao. Kinga ya mwili wenyewe inalishambulia tezi, na hali hiyo inatembea katika ukoo, kwa mama, shangazi, dada. Wanawake wanaupata kuliko wanaume. Katika ukoo kama huo anaweza pia kuwepo mtu mwenye sukari iliyoanza utotoni, au mwenye mabaka meupe ya ngozi.

Tezi likilala, mtu anachoka, anasikia baridi, ananenepa bila kula sana, choo kinakuwa kigumu, hedhi inazidi, anasahau, anakuwa na huzuni. Tezi likikimbia ni kinyume: moyo unadunda, mikono inatetemeka, jasho linatoka, anakonda huku anakula, usingizi unakataa, wengine macho yanatokeza. Hata mzee mwenye rovu la siku nyingi, akianza kukonda na moyo kumwenda mbio, apelekwe hospitali haraka.

Kuona kwa macho tu hakutoshi. Kuna kipimo cha damu. Kama zahanati yako haina, omba rufaa.

Basi mama mkwe, tunakuheshimu sana, lakini huyo si mvivu. Na wewe bwana, usikae kimya kati ya mama yako na bibi yako. Msindikize akapimwe.

Kidonge cha kila siku
Tezi lililolala linatibiwa kwa kidonge kinachoitwa levothairoksini. Kinamezwa asubuhi kwa maji matupu, nusu saa au saa nzima kabla ya chai. Vidonge vya damu wanavyopewa wajawazito vikae mbali nacho kwa saa nne. Ukipata nafuu usikiache, maana nafuu imetoka kwenye kidonge. Usimgawie jirani mwenye shingo kama yako, huenda tezi lake linakimbia na wewe lako limelala. Anayetumia karbimazoli kwa tezi linalokimbia, akipata homa au kidonda cha koo, aende hospitali siku hiyo hiyo.

Mjamzito amwambie muuguzi mapema. Asiache dawa, kwani mara nyingi anahitaji kuongezewa. Mtoto tumboni anategemea homoni za mama yake ili ubongo ukue. Akizaliwa, mwangalieni: manjano isiyoisha, kunyonya kwa unyonge, choo kigumu, sauti nzito, ulimi mkubwa. Akianza dawa katika wiki zake za kwanza, akili inaokolewa. Ukingoja aanze shule, mmechelewa.

Neno la mwisho ni kwa jamaa zinazojiandaa kusafiri, wanaorudi nyumbani na wanaopelekwa nchi nyingine. Karatasi za hospitali na vidonge visifungwe kwenye mzigo mkubwa. Vikae mkononi mwa mwenyewe, na mtu wa pili ndani ya nyumba ajue jina la dawa. Hata mtoto wa darasa la tano anaweza kulishika.

Mama uliyeandika, asante. Nenda na binti yako, mpimwe wote wawili siku moja.

Tukutane mwezi ujao.